Mama Kinasa na Mlio wa Cherehani

Aliyelala mbele yenu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Juni 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kukamua mafuta. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake alipakia magunia kiwandani hapo. Mama yake alikuwa mkunga, mtu wa kuitwa saa yoyote, na huyu aliyelala hapa ndiye aliyembebea mkoba. Mkunga akiingia ndani, mbeba mkoba alibaki ukumbini na mabibi, na mabibi wakisubiri mtoto azaliwe huongea yote. Alirudi nyumbani na habari za mtaa mzima. Jioni baba yake alikuwa akivua viatu na kumwuliza, "Haya, redio, leo kuna nini?"

Alianza shule Januari 1963, akamaliza darasa la nane Novemba 1970. Kwenye hesabu alikuwa mtu wa kuombewa. Kwenye kusoma kwa sauti hakuwa na wa kushindana naye, kwa hiyo alipewa kazi ya kusoma matangazo ya asubuhi mstarini. Siku moja alitangaza kwamba mpishi wa shule ameolewa, akaeleza mpaka rangi ya gauni. Tangazo hilo halikuwa kwenye karatasi. Mwalimu mkuu alimpa adhabu ya kumwagilia maua, na mpishi akampa sahani iliyojaa hadi juu. Shule iliishia hapo. Mwaka huo baba yake aliumia mgongo kazini, nyumba ikabaki mikononi mwa mama.

Alifanya kazi kiwandani, akibandika karatasi za majina kwenye chupa za mafuta. Mwezi Machi 1978 alipata kazi katika kituo kidogo cha redio, chumba na nusu juu ya duka la rangi. Ile nusu ndiyo iliyokuwa studio, imebandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Yeye alisoma matangazo ya waliofariki, ya mikutano na ya vitu vilivyopotea. Watu wengi waliopo hapa, wazazi wao walitangazwa na yeye. Alikuwa akiuliza kwanza jina linatamkwaje. Alisema mtu akifa, angalau jina lake lisivunjwe.

Huko redioni ndiko alikokutana na mume wake. Mume ni mwashi, na shule hakwenda. Mwaka 1980 aliibiwa toroli lake la kubebea zege, akapanda ngazi kwenda kutangaza. Alieleza kama kawaida yake: toroli, la chuma, gurudumu limepinda. Msomaji akamtazama.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Kaka, mtu akisikia hivyo ataendelea kunywa chai yake. Gurudumu limepinda upande gani?"

"Kushoto."

"Ulilipata wapi?"

"La baba. Aliniachia."

Jioni mtaa mzima ukasikia: "Limepotea toroli la urithi. Gurudumu limepinda kushoto, kwa hiyo aliyelichukua anazunguka tu, hajafika mbali. Mwenyewe halali." Watu walicheka mpaka basi. Kulipokucha toroli lilikutwa limeegeshwa ukutani kwa mwashi. Akapanda ngazi tena kushukuru. Maneno yakamkauka, akakaa kwenye benchi ya wageni, akaondoka. Akarudi siku nyingine, akakaa tena. Mwishowe msomaji akamwuliza kama ameibiwa kitu kingine.

"Bado," akasema.

Jibu hilo alilicheka mpaka uzee. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1981, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Kwenye nyumba ile mmoja aliongea na mwingine alisikiliza, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1986 kituo kilimpa robo saa kila Jumamosi asubuhi, baada ya habari. Kipindi kilikuwa cha watu wa kawaida waliopita kwenye shida wakatoka upande wa pili. Mkuu wa kituo alimletea tajiri mwenye mabasi. Akamkataa. Akasema huyo ana redio yake mdomoni. Yeye alichukua kinasa sauti, akakitia kwenye mkoba, akaenda kwa mguu. Ndipo likaja jina la Mama Kinasa, na hata watoto wake mwenyewe walilitumia wakitaka kitu.

Alisimulia habari za mzibua mifereji aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu, ili ajue vibao vya barabara anayoichimba vinasemaje. Alisimulia habari za mama mponda kokoto. Kipande cha jiwe kilimtoa jicho moja, akaenda kutafuta miwani ya mwendesha pikipiki, akairudia nyundo yake, na watoto wake wote wakasoma. Alisimulia habari za kinyozi aliyetoka kwenye pombe na za kinyozi aliyerudi kwenye pombe, na za huyu wa pili nazo alizisimulia kwa heshima ile ile. Hakuwatia chumvi. Kila kipindi alimsikilizisha kwanza mume wake, kwenye meza ya jikoni. "Ukielewa wewe," alimwambia, "wote wataelewa." Mume akikohoa, alijua pale pamechosha, akapaondoa.

Yanayofuata yanasomwa hapa kwa ruhusa. Wenye nayo ni wawili. Wameyasikia kabla yenu, wamesema yasomwe. Bila hivyo marehemu asingekubali, hata akiwa hapo alipo. Tena alisema mwenyewe, siku za mwisho, kwamba wasifu wake ukisomwa bila jambo hili atakuwa amezikwa mtu mwingine.

Mtaa wa pili kutoka kwao kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke, mshonaji wa sare za shule. Aliishi na binti yake. Mtaa ulimwita binti huyo Kishikizo, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na muda wote alikuwa ameganda kwenye gauni la mama yake. Mwaka 2004 Kishikizo alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kwenye mwaka wa mitihani.

Fundi alimweleza Mama Kinasa maisha yake huku akishona. Alieleza alivyofukuzwa na mume, alivyolala sokoni chini ya meza za wauza nyanya, alivyojifunza kushona kwa vitambaa vya kuokota. Akaeleza pia kwamba Kishikizo hakutoka tumboni mwake. Alimkuta mchanga humo humo sokoni, ndani ya kikapu, akamchukua. Binti alikuwa hajui.

"Nitamwambia mwenyewe akimaliza mitihani," fundi akasema. "Wewe simulia, maana kuna mama mwingine yuko chini ya meza sasa hivi, asikie. Ila jina usitaje. Mtaa usitaje. Na sauti yangu isitoke."

"Haitoki, dada," Mama Kinasa akamwambia.

Akatimiza. Jina akaliondoa. Mtaa akauondoa. Sauti ya fundi akaiondoa yote, akasoma yeye kwa mdomo wake. Lakini alikuwa anajua kazi, na anayejua kazi hupenda ipendeze. Alitaka msikilizaji ajione yuko ndani ya kile chumba cha kushonea. Chini ya maneno yake akaweka mlio wa cherehani, ule ule alioukamata mle ndani.

Cherehani ile ilikuwa ya kukanyaga, kuukuu. Kanyagio likifika chini ililia kwii, kisha ikagonga, ko-ko. Watoto wa mtaa waliruka kamba kwa mlio huo. Mama Kinasa alificha kila kitu cha fundi akaiacha mashine yake iongee. Usiku wa kuamkia kipindi alimsikilizisha mume. Mume hakukohoa.

Kilitoka Jumamosi, tarehe 15 Mei 2004. Kishikizo alikuwa ametumwa kuazima pasi kwa fundi baiskeli, na redio ya fundi baiskeli hailali. Kwii, ko-ko.

"He!" fundi baiskeli akasema. "Hebu sikieni. Si jirani yetu huyo anashona?"

Waliokuwepo wakacheka. Mmoja akasema mama huyu sasa kawa msanii. Redio ikaendelea, ikafika kwenye kikapu. Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia msichana aliyeshika pasi.

Akaenda nyumbani, akaiweka pasi mezani, akamwuliza mama yake, "Ni mimi?"

Mguu wa mama yake ulikuwa umebaki juu ya kanyagio. Jibu likawa hilo.

Kishikizo alifanya mitihani yake. Mwezi Desemba aliondoka, hakuaga.

Mama Kinasa alipopata habari alikwenda kwa fundi, akasimama mlangoni. Fundi hakumkaribisha.

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Ulikuja na kifaa, ukachukua sauti. Leo umekuja kuchukua nini?"

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningekutukana, nikalala. Sasa nitalalaje?"

Akaufunga mlango, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mama Kinasa alisema angeubamiza ingekuwa nafuu.

Tangu siku ile alibadilika. Kinasa sauti alikitia kabatini chini ya mashuka, kituo kikawa kinapiga muziki kwenye robo saa yake. Akitoka sokoni alizunguka njia ndefu ili asipite mtaa wa fundi. Kisha akaona huko ni kukimbia, akaanza kupita kusudi, akisalimia bila kuitikiwa. Mume akamwambia, "Mke wangu, hukuua mtu." Akamjibu, "Kuna nyumba ilikuwa na watu wawili. Sasa ina mmoja. Nani kapita katikati?"

Aliporudi kazini alirudi na sharti lake. Hakuna habari itakayotoka mpaka mwenyewe aisikie yote, mlio kwa mlio, na kikohozi chake na mlango wake. Alikwenda nyumbani kwa mtu na kaseti, akaweka, akamwuliza, "Hapa kuna chochote cha kukutambulisha usichotaka?" Mtu akisema toa, anatoa. Mkuu wa kituo alishika kichwa. "Mama, hii ni redio au ni baraza la usuluhishi?" Muuza mkaa mmoja alimrudisha hadi akachoka. Alitaka patolewe pale anapolia, na pawekwe mbwa wake. Mama Kinasa akapatoa, akamweka mbwa. Watu walikipenda kipindi kile, hasa mbwa.

Mwaka 2009 dereva wa lori la unga, ambaye habari zake nazo ziliwahi kusimuliwa, alimwambia kwamba Kishikizo yuko mji mwingine, anaoka mikate. Mama Kinasa akapanda basi. Alimkuta mlango wa nyuma wa tanuri, na unga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo. Nakujua," Kishikizo akasema. "Nakujua kwa sauti."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa sababu..."

"Mimi sina hasira ya kuokotwa, mama. Mtu akiokotwa si amepona? Hasira yangu ni kwamba fundi baiskeli alijua pamoja na mimi, dakika moja. Tena nilisikia kwa mdomo wako. Mama yangu alisemaje hasa? Alikuwa analia? Alikuwa anacheka? Mimi sijui. Wewe unajua."

"Kaseti yenyewe ninayo."

"Basi nipe niisikie. Nikimsikia yeye, nitajua kama narudi."

Hapo ndipo alipokwama. Kaseti alikuwa nayo, ndani ya mkebe wa biskuti, na angeweza kuituma kwa lori la unga wiki ile ile. Lakini ndani yake kulikuwa na maneno ambayo hakuyatangaza, ya ule usiku wa kwanza na kikapu. Fundi aliyasema kwake tu. Hapa pia hayasomwi. Ni yao.

Akarudi, akaenda kwa fundi, akasimama dirishani.

"Kishikizo nimemwona."

Cherehani ikasimama. "Mzima?"

"Mzima. Anaoka mikate."

"Amenenepa?"

"Kidogo."

"Mikate hiyo." Fundi akainamia kitambaa. "Amesemaje?"

"Anataka kukusikia wewe. Ile kaseti. Sikumpa. Sitaitoa bila neno lako."

Fundi akachomoa sindano, akaichomeka tena pale pale.

"Yote? Na ya usiku ule?"

"Yote, au utakapotaka nikate. Ni yako."

"Basi neno langu ni hapana." Na kwii, ko-ko, mazungumzo yakawa yamekwisha.

Mume alimwambia ampe binti kaseti, wamalize. Akamjibu, "Mara ya kwanza nilifanya lililonipendeza mimi. Unataka nirudie?" Kaseti ikakaa kwenye mkebe. Mara moja moja aliitia kwenye redio kaseti, akaizungusha mbele na nyuma ili utepe usigandane, akairudisha. Hakuisikiliza. Miaka ikaenda hivyo. Kila alipomwona fundi njiani aliulizwa jambo moja tu, "Habari zake?" akajibu alizozipata kwa dereva wa lori, basi wakapishana.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2015. Kituo kilimfanyia sherehe ndogo, kwenye chumba kile kile juu ya duka la rangi. Walisimama watu aliosimulia habari zao, mmoja mmoja, wakasema redio iliwainua. Mponda kokoto alivaa miwani yake ya pikipiki ili watu wacheke. Wote walicheka isipokuwa Mama Kinasa. Alikuwa anaangalia mlangoni. Njiani kurudi alimwambia mume, "Wote waliokuja ni niliowafaa."

Ugonjwa wake ulianza Februari 2022. Miguu ilivimba, ngazi ya nyumbani ikawa mlima. Daktari alisema ni moyo, umechoka na umepanuka. Alilazwa mara kadhaa. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimfunza baba yake kupanga dawa kwa rangi za vifuniko, maana kusoma hawezi. Wodini hakuacha kazi. Aliwasikiliza wagonjwa wenzake vitanda vyote, na aliyeondoka aliondoka amesemewa pole ya kwake, si pole ya jumla. Agosti 2024 daktari alimruhusu arudi nyumbani. Familia ilielewa maana yake. Naye alielewa kabla ya familia.

Kituo kikatangaza kwamba Mama Kinasa ni mgonjwa, wasikilizaji wamwombee. Jumamosi, tarehe 5 Oktoba, mlango ukagongwa. Mume akafungua, akamkuta fundi cherehani. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, na shingoni ana utepe wa kupimia, kama mtu aliyeondoka kazini akausahau.

"Sikuja kumwona mgonjwa," akasema. "Nimekuja kusikiliza kilicho changu."

Akaingizwa chumbani. Mama Kinasa alitaka kuinuka, akashindwa. Mume akaweka kaseti, akataka kutoka. Fundi akamwambia, "Kaa, shemeji. Wewe si mtu wa maneno."

Wakasikiliza wote watatu. Kwii, ko-ko, na sauti ya mwanamke kijana juu yake.

"Kumbe nilikuwa naongea haraka hivi?" fundi akasema.

"Ulikuwa na sare za kumaliza," Mama Kinasa akajibu.

"Na mashine ilikuwa inalilia mafuta. Mbona hamkuniambia?"

Ilipofika kwenye usiku wa kikapu fundi akashika mdomo. Hakusema, "Zima." Ilipokwisha akaomba irudishwe nyuma pale, akasikiliza tena, akashusha pumzi.

"Nilidhani ni mabaya kuliko hivi. Miaka yote nilidhani nilisema vibaya zaidi."

"Ulisema kama mama," Mama Kinasa akasema.

Fundi akaitoa kaseti mwenyewe, akaitia kifuani. Akasimama.

"Sijakusamehe."

"Leo sijakuomba."

"Na hilo gauni limekuwa gunia. Linakuvaa wewe." Akavuta utepe shingoni, akampima mabega na kiuno pale pale kitandani, akinung'unika kwamba mtu hawezi kulala ndani ya hema. Akalikunja gauni lingine lililokuwa limetundikwa ukutani, la buluu, akaondoka nalo. "Nitalipunguza. Nikilileta utaniona. Nikija na mtu, utamwona na huyo."

Basi Mama Kinasa akawa mtu wa kusubiri. Geti likilia aliuliza, "Nani?" Mume alisema, "Upepo." Akauliza tena. Alikula kwa sababu anasubiri, alikunywa dawa kwa sababu anasubiri. Alimwambia binti yake kwamba hataki kingine chochote, anataka kuwaona wale wawili wamesimama pamoja, hata kama watakuwa wamemnunia yeye.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba, alishinda vibaya. Pumzi ilikuja kwa shida mchana kutwa. Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, usingizi ukamchukua. Binti yake alikuwa amesema apate kulala. Hakusema watu wafukuzwe. Hilo mume alijitungia.

Geti likalia. Safari hii hapakuwa na upepo. Alikuwa fundi, na pembeni yake mwanamke mfupi aliyebeba gauni la buluu mikononi, limenyooshwa. Walikuwa wameshikana viwiko kama watu waliotembea mwendo mrefu. Mume hakuwahi kumwona Kishikizo akiwa mtu mzima, lakini hakuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Amelala," mume akasema. "Ndiyo kwanza amepata usingizi. Njooni kesho asubuhi."

"Hatutakaa, shemeji," fundi akasema. "Atuone tu. Hata jicho moja."

"Kesho, dada. Kesho atakuwa na nguvu."

Fundi akamtazama, kisha akamtazama binti yake. "Haya, kesho," akasema. Wakageuka. Gauni wakaondoka nalo, kwa kuwa Kishikizo alitaka kumpa mwenyewe.

Baadaye kidogo Mama Kinasa aliamka, akaomba maji. Akanywa. Akauliza, "Nani alikuja?"

Ilikuwa sentensi moja tu. Hata mtu wa maneno machache anayo. Lakini mume alitaka iwe furaha ya asubuhi, aione kwa macho yake, akajifanya mjanja. Akasema, "Kesho utajua."

"Wewe nawe na mafumbo yako," akasema, akatabasamu, akageukia ukutani.

Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, alfajiri, kabla ya kuulizwa kama ameamka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Jua lilipochomoza walikuja, kama walivyoambiwa. Mume aliwakuta getini, akavua kofia. Fundi akaelewa, akakaa chini pale pale kwenye saruji. Kishikizo hakukaa. Akaomba aingie peke yake. Alimwinamia sikioni, akamweleza: alivyoletewa kaseti na mama yake mwenyewe hadi mlango wa tanuri, walivyoisikiliza kwenye redio ya dereva wa lori, walivyofika jioni ile, na kwamba amerudi na hataondoka. Aliongea muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu aliye macho. Kisha akamvalisha gauni la buluu, yeye na binti wa marehemu. Limemkaa. Ndilo alilolivaa sasa.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume, fundi umeme, na mke wake, mtoto wa kike, muuguzi, na mume wake, wajukuu watano, dada yake mdogo, na wote aliowatamkia majina yao sawasawa. Fundi cherehani na Kishikizo wamekaa safu ya mbele, kwa ombi la familia.

Neno la mwisho mume ameomba aliseme mwenyewe: Walikuja jioni ile ulipouliza, mke wangu. Walikuwa wawili, wameshikana. Pumzika kwa amani.